Ernie Brandts na mechi isiyokuwa na pointi

Makocha wa kigeni wanaopita Dar es Salaam huandikwa mara mbili tu: siku wanayopokelewa uwanja wa ndege wakiwa wamevishwa skafu ya klabu, na siku wanayovunjiwa mkataba. Yaliyotokea katikati huachiwa vijiwe, na vijiwe hukumbuka matokeo zaidi ya kazi. Kwa muda mrefu nimetamani kumwandika mmoja wao, Mholanzi Ernie Brandts, aliyeifundisha Yanga kuanzia Septemba 2012 hadi Desemba 2013, kwa sababu safari yake, tangu alipokuwa beki hadi alipokuwa kocha wa kuhamahama, inaonesha wazi jinsi mtu anavyoajiriwa kwa jambo moja na kufukuzwa kwa jambo jingine. Naandika nikiwa mtu wa Jangwani, yaani shabiki wa Yanga, na msomaji wa Msimbazi, upande wa watani wetu Simba, naomba anivumilie pale ushabiki utakaponizidi.

Wengi waliomwona amesimama kando ya chaki pale Uwanja wa Taifa hawakujua walikuwa wakimtazama nani. Brandts alizaliwa mwaka 1956 mashariki ya Uholanzi, akaanza kucheza De Graafschap, klabu ndogo ya huko kwao, na mwaka 1977 akasajiliwa na PSV ya Eindhoven akiwa beki wa kati. Msimu wake wa kwanza hapo ulikuwa wa aina ambayo mchezaji anaweza kustaafu nayo: PSV ilitwaa ubingwa wa Uholanzi na Kombe la UEFA kwa pamoja, na ulipofika Juni 1978 kijana huyo wa miaka 22 alikuwa Argentina kwenye Kombe la Dunia. Katika raundi ya pili alipewa namba, akafunga bao la kwanza Uholanzi ilipoichapa Austria 5-1, halafu ikaja mechi dhidi ya Italia, tarehe 21 Juni, jijini Buenos Aires.

Mechi hiyo ndiyo iliyoliweka jina lake katika vitabu. Hesabu ya kundi ilikuwa kwamba mshindi angekwenda fainali, na sare ingewatosha Waholanzi. Kabla ya dakika ya 20 Brandts alijirusha miguuni mwa mshambuliaji wa Italia ili kumzuia, lakini badala ya kuondoa hatari akausukuma mpira wavuni mwake mwenyewe, na katika vurugu hiyo hiyo akamgonga kipa wake, Piet Schrijvers, aliyeumia na kulazimika kutolewa ili Jan Jongbloed aingie. Fikiria hali ya beki huyo: amejifunga, amemwumiza kipa, na timu nzima inatazama saa. Mara tu baada ya mapumziko mpira ulimwangukia nje ya eneo la hatari, akaupiga bila kuutuliza, ukaenda moja kwa moja wavuni. Baadaye Arie Haan alifunga la pili kwa shuti la mbali mno, Uholanzi ikashinda 2-1 na kwenda fainali. Brandts akawa mchezaji wa kwanza kufunga kwa pande zote mbili katika mechi moja ya Kombe la Dunia, na ilibidi ifike mwaka 2018, katika fainali ya Moscow, ndipo Mario Mandžukić wa Croatia awe wa pili. Fainali yenyewe ya 1978 Uholanzi iliipoteza kwa mabao 3-1 baada ya dakika za nyongeza, na Brandts alikuwepo uwanjani.

Kuna jambo moja hapa ambalo sijaona likitajwa. Kocha wa Uholanzi katika fainali hizo alikuwa Ernst Happel, raia wa Austria, naye beki wa zamani aliyegeuka kocha wa kuhamahama: aliipa Feyenoord Kombe la Ulaya mwaka 1970, akaifikisha Club Brugge ya Ubelgiji katika fainali ya kombe hilo hilo mwaka 1978, na mwaka 1983 akalitwaa tena akiwa na Hamburg ya Ujerumani. Kwa hiyo katika wiki muhimu kuliko zote za uchezaji wake, Brandts alikuwa chini ya mgeni aliyekuwa akihama na begi lake kutoka nchi hadi nchi. Kipindi kilipoanza upya, Happel alimwacha uwanjani kijana aliyekuwa ametoka kujifunga. Sisi huku tumeshuhudia wachezaji wakitolewa dakika ya 30 kwa pasi mbili zilizopotea, na wengine tukashangilia.

Miaka iliyofuata haina haja ya kuelezwa kwa kirefu. Alicheza PSV hadi mwaka 1986, akapita klabu nyingine za nchini kwake, akamaliza akiwa na mechi 28 za timu ya taifa. Katika ukocha alipanda ngazi kwa ngazi, na kazi yake kubwa ya kwanza inayoeleweka hata kwa mtu asiyefuatilia soka la Uholanzi ni NAC Breda, ambayo katika msimu wa 2007/08 aliimalizisha ya tatu kwenye ligi kuu. Kwa klabu ya ukubwa ule, nafasi ya tatu nyuma ya PSV na Ajax ilikuwa sawa na miujiza. Msimu ulipokwisha, kiti chake kikachukuliwa na Robert Maaskant. Nadhani hapo ndipo maisha ya kuhamahama yalipoanza kwa dhati: kocha wa miaka 52 aliyetoka kuvuka matarajio ya kila mtu anajikuta Tehran, akiifundisha Rah Ahan, klabu yenye asili ya shirika la reli la Iran, na baada ya hapo Kigali, akiinoa APR, klabu ya jeshi la Rwanda.

Huko Rwanda ndiko alikoonekana na watu wa Dar es Salaam, na njia aliyoonekana nayo inafaa kuelezwa, kwa kuwa watu hudhani makocha hushushwa na mawakala kutoka Ulaya. Kwa ukanda wetu, soko la makocha na wachezaji limekuwa Kombe la Kagame, mashindano ya klabu za Afrika Mashariki na Kati. Viongozi wa klabu hukaa jukwaani, hutazama timu za majirani zikicheza, na mashindano yakiisha simu huanza kupigwa. Haruna Niyonzima alitokea APR kuja Yanga mwaka 2011. Mwaka 2012 Kombe la Kagame lilifanyika hapa Dar es Salaam, Yanga ikalitwaa kwa kuifunga Azam 2-0 katika fainali, na muda huo huo beki Mbuyu Twite naye akawa njiani kutoka APR kuja Jangwani, katika usajili uliozua mzozo mkubwa kwa kuwa Simba nayo ilikuwa ikimhesabu kuwa wake. Kocha aliyempa Twite namba Kigali akaja kumkuta Kariakoo wiki chache baadaye.

Kombe hilo la Kagame Yanga ililipata chini ya Mbelgiji Tom Saintfiet, aliyeletwa kusafisha aibu ya tarehe 6 Mei 2012, siku Simba ilipotufunga 5-0. Tulimpenda kwa majuma kadhaa. Ligi ilipoanza, sare ya Mbeya dhidi ya Prisons na kipigo cha 3-0 kutoka kwa Mtibwa kule Morogoro vilitosha kumwondoa, kombe likiwa bado halijapata vumbi kabatini. (Saintfiet huyo huyo baadaye aliifikisha Gambia robo fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika katika ushiriki wao wa kwanza kabisa, jambo ambalo halipendwi kutajwa mtaa wa Twiga, yaliko makao ya Yanga.) Kwa hiyo Brandts alipokuja Septemba 2012 alikuwa anajua kabisa aina ya nyumba anayoingia. Mechi yake ya kwanza dhidi ya Simba, tarehe 3 Oktoba, iliisha 1-1, na hilo pekee baada ya zile tano lilitupa pumzi.

Alichokifanya msimu huo hakikuwa cha kupigiwa tarumbeta, na labda ndiyo sababu hakikumbukwi. Timu iliyokuwa imefungwa mabao matano ilipata ukuta. Nadir Haroub, ambaye jiji zima lilimwita Cannavaro, alikuwa nahodha na beki wa kati. Kelvin Yondani alikuwa ametoka Simba. Twite aliweza kucheza upande wowote wa nyuma na hata kiungo. Mbele yao walikuwepo Athuman Idd Chuji na kijana Frank Domayo, na Niyonzima akapata uhuru wa kucheza mpira wake. Msaidizi wake alikuwa Fred Felix Minziro, beki wa zamani wa Yanga mwenyewe, kwa hiyo benchi liliongozwa na mabeki wawili, na ilionekana hivyo. Mabao yalitoka kwa Didier Kavumbagu na Hamis Kiiza, wakati Simon Msuva bado akijifunza kutuliza mbio zake. Wakati wa mapumziko ya katikati ya msimu klabu ikaipeleka timu Uturuki kwa kambi, na mashabiki wa Simba wakatutania kwamba tumekwenda kuona barafu. Ubingwa wa 24 wa Yanga ukapatikana kabla hata ya siku ya mwisho, na siku hiyo ya mwisho, tarehe 18 Mei 2013, tukaifunga Simba 2-0, Kavumbagu na Kiiza wakifunga moja moja. Agosti ikaongezeka Ngao ya Jamii, mechi ya kufungua msimu, kwa bao la Salum Telela dhidi ya Azam.

Ukiyasoma hayo kwenye karatasi utasema huyu ni kocha aliyetimiza alichoitiwa. Aliitwa kurudisha ubingwa, akaurudisha. Aliitwa kuondoa aibu ya watani, akaiondoa. Kwa nini basi hakuimaliza miezi kumi na sita?

Jibu linaanzia tarehe 20 Oktoba 2013. Nilikuwa uwanjani siku hiyo, upande wa Yanga, na hadi leo naweza kusema kwamba kipindi cha kwanza kile ndicho bora kabisa nilichowahi kuiona Yanga ikicheza dhidi ya Simba kwa macho yangu. Mrisho Ngassa alifunga, Kiiza akafunga mawili, na timu zilipokwenda mapumzikoni ubao ulikuwa unasoma 3-0. Pembeni yangu watu walikuwa wameshaacha kuomba ushindi, wanaomba tano, ili deni la Mei 2012 lilipwe siku hiyo hiyo. Nadhani wachezaji nao walikuwa wamesikia maombi hayo. Kipindi cha pili Simba waliingiza vijana, wakaanza kuushika mpira, akafunga Betram Mombeki, kisha Joseph Owino, kisha Gilbert Kaze, na ile timu iliyojengwa juu ya ukuta ikakosa hata mtu wa kupiga mpira nje ili watu wapumue. Mwisho ukawa 3-3. Waliotoka uwanjani wakiimba ni wao.

Kwa sare ile lawama ya kocha ipo, na simwonei haya kwa kuwa namsifu kwingine. Kocha aliyewahi kuwa beki, aliyecheza fainali ya Kombe la Dunia, alipaswa kuona mapema kwamba kiungo chake kimelegea na kufanya mabadiliko kabla ya bao la pili la wapinzani. Alichelewa. Lakini kuchelewa kwenye mechi moja ni kosa la mechi moja, na ligi ina mechi 26.

Aliyekuwa amesimama kwenye benchi la pili siku hiyo alikuwa Abdallah Kibadeni, na hapo ndipo mechi hii inapopata utamu wake kwa mtu anayependa historia. Kibadeni ndiye aliyefunga mabao matatu peke yake Simba ilipoifunga Yanga 6-0 mwezi Julai 1977, mwaka ule ule ambao Brandts alihamia PSV, na hakuna mwingine aliyewahi kufunga matatu katika pambano la watani. Ndiye pia aliyekuwa kocha Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 na kupoteza mbele ya Stella Abidjan hapa hapa nyumbani. Naye ni mchezaji aliyegeuka kocha wa kuhama, isipokuwa safari zake ni za barabara: kabla ya kuitwa Simba mwaka 2013 alikuwa Kagera Sugar, huko Bukoba. Tofauti kati yake na Brandts si ya ujuzi wa soka. Ni kwamba mgeni akifukuzwa kuna mkataba unaozungumziwa na fidia inayodaiwa, lakini mwenyeji akifukuzwa huambiwa kwamba hii ni klabu yake, arudi nyumbani apumzike, ataitwa tena. Mwezi mmoja baada ya ile 3-3 iliyoshangiliwa kama ubingwa, uongozi wa Simba ulimwondoa Kibadeni, na nafasi yake akapewa Zdravko Logarušić, Mkroatia aliyetokea Kenya alikokuwa ameifundisha Gor Mahia.

Mzunguko wa kwanza wa msimu wa 2013/14 ulipofungwa Novemba, Yanga ilikuwa kileleni ikiwa na pointi 28, moja tu zaidi ya Azam na Mbeya City, timu iliyokuwa imepanda daraja na kuwatia kiwewe wakubwa wote. Naomba msomaji aishike nafasi hiyo kichwani: kileleni. Likafuata dirisha dogo la usajili, Yanga ikamsajili Emmanuel Okwi, kipenzi cha zamani cha Msimbazi, na mji ukachangamka. Ili kuziba pengo la mapumziko ikaandaliwa mechi ya Nani Mtani Jembe, pambano la kirafiki lililotokana na shindano la bia ya Kilimanjaro, iliyokuwa ikizidhamini klabu zote mbili. Hapakuwa na pointi wala nafasi ya kwenda popote. Tarehe 21 Desemba 2013 Simba ya Logarušić ikashinda 3-1, na Brandts akaondolewa.

Nimesikia hoja nyingi za kuhalalisha uamuzi ule, na mbili kati yake zina uzito. Ya kwanza ni kwamba uongozi ulikuwa tayari umemchoka tangu Oktoba na Mtani Jembe ilikuwa sababu tu ya kusema lililokwisha kuamuliwa. Ya pili, ambayo naona ni ya kweli zaidi, ni kwamba Yanga ilikuwa inakwenda Ligi ya Mabingwa Afrika na palihitajika sura mpya. Lakini kama hoja ni hiyo ya pili, basi tiketi ya kwenda huko ilikatwa na nani? Yanga ilipoifunga Al Ahly ya Misri 1-0 hapa Dar es Salaam mwezi Machi 2014, bao likiwa la Cannavaro, na kisha kutolewa kwa penalti baada ya kufungwa 1-0 kule Misri, aliyesifiwa alikuwa Hans van der Pluijm, Mholanzi mwingine, kipa wa zamani wa FC Den Bosch aliyekuwa amezunguka Ghana kwa miaka mingi kabla ya kufika kwetu. Sifa alistahili. Ila ukuta uliowazuia mabingwa wa Afrika kwa dakika 180 haukujengwa kati ya Januari na Machi.

Hapa kuna jambo linalopingana na mwelekeo wangu, na sitalificha. Ubingwa wa msimu huo ulikwenda kwa Azam bila kupoteza mechi hata moja, na Azam nayo ilibadilisha kocha katikati: Mwingereza Stewart Hall aliondoka Novemba, akaja Mcameroon Joseph Omog. Kwa hiyo siwezi kudai kwamba kubadili kocha katikati ya safari huiangusha timu. Kati ya timu nne za juu, ni Mbeya City peke yake iliyobaki na mwalimu wake, Juma Mwambusi, na haikuchukua kombe. Ninachoweza kudai ni kidogo zaidi ya hapo. Azam iliachana na Hall kwa hesabu ya ligi, wakati Yanga iliachana na Brandts kwa hesabu ya utani, na klabu inayopima kazi ya mwalimu kwa utani haiwezi kumwambia mwalimu ajaye ni nini hasa anachotakiwa kufanya.

Ushahidi ulikuja mwaka uliofuata. Pluijm aliondoka katikati ya 2014, akarudishwa nchini Mbrazili Marcio Maximo, yule aliyetufundisha kupeperusha bendera wakati akiwa na timu ya taifa, Taifa Stars. Tarehe 13 Desemba 2014 ikachezwa Nani Mtani Jembe ya pili, Simba ikashinda 2-0, na Maximo akaondoka. Makocha wawili wa Yanga, Desemba mbili mfululizo, waling'olewa na mechi ile ile isiyokuwa na pointi. Aliyerudishwa ni Pluijm, na safari hii akaachiwa muda: akatwaa ubingwa wa 2014/15 na wa 2015/16. Upande wa pili haukuwa na subira zaidi. Logarušić aliyebebwa juu Desemba 2013 alikuwa ameshafukuzwa ilipofika Agosti 2014, kabla ligi haijaanza.

Brandts mwenyewe alirudi kwao, na mwaka 2014 akapewa FC Dordrecht, klabu ndogo iliyokuwa imepanda ligi kuu ya Uholanzi. Ilimaliza ya mwisho na kushuka, na yeye hakuwepo hadi mwisho wa msimu. Miaka sita baada ya kuiweka NAC nafasi ya tatu, alikuwa amepita Tehran, Kigali na Dar es Salaam ili kurudi kwenye ligi ile ile akiwa na timu ambayo hakuna aliyeitegemea kubaki.

Huku Jangwani, walioicheza ile nusu ya kwanza ya 20 Oktoba wametawanyika. Msuva alikwenda Morocco, Niyonzima alivuka hadi Simba na baadaye akarudi, Cannavaro alistaafu. Kila ninapowasikia wanachama wakimtaja Brandts, wanataja 3-3 na 3-1. Ubingwa wa 24 huutaja bila jina la kocha, kama vile ulikuja wenyewe kwa basi la Mbeya.